Dakika Mbili Kizimbani

Dakika ya 83, Uwanja wa Majimaji, Songea. Wanalizombe, yaani timu ya Majimaji, wako nyuma kwa bao moja. Winga wao anaupokonya mpira katikati ya uwanja. Mbele yake amebaki beki mmoja, na upande wa pili anakimbia mshambuliaji ambaye hajakabwa na mtu. Beki hautazami hata mpira. Anamshika winga jezi na kuivuta mpaka inalegea shingoni. Filimbi, kadi ya njano, jukwaa zima linazomea. Beki anainua mikono kama anayeomba radhi, na akigeuka anakuta benchi lake linampigia makofi. Amefanya hesabu nzuri: kadi imetoka, lakini shambulizi limekufa.

Tuseme hiyo ni kadi yake ya tatu ya njano msimu huu. Kwa kanuni za ligi yetu atakosa mchezo unaofuata, na mchezo unaofuata si dhidi ya Majimaji. Pengine ni dhidi ya timu ya Mbeya au Shinyanga, ambayo jioni ile haikuwa hata mkoani Ruvuma. Timu hiyo ndiyo itakayofaidi jezi iliyovutwa Songea. Aliyekosewa ameambulia mpira wa adhabu uliopigwa kutoka mbali na kudakwa na kipa.

Nimeanza na soka kwa sababu hoki ya barafuni, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa sekunde chache tu kwenye simu, ulikutana na tatizo hilihili zamani na ukalitafutia dawa ambayo soka bado inaiogopa. Anayekosea hutolewa nje kwa muda, timu yake hucheza pungufu, na anayenufaika ni yuleyule aliyekosewa, siku ileile, kabla hasira hazijapoa. Katika michezo yote niliyoipitia kwa ajili ya kitabu hiki sijaona mfumo wa adhabu uliopangwa kwa akili kama huo. Sijaona pia wenye doa kubwa kama lake, na doa hilo nitalifikia.

Wazo lenyewe si geni kwetu kama barafu ilivyo ngeni. Aliyecheza mpira wa pete shuleni anajua kwamba ukimzuia mwenzako isivyo halali, unasimama pembeni yake bila kushiriki mpaka arushe. Waliopita UMISSETA wakicheza mpira wa mikono wanaijua vizuri adhabu ya dakika mbili: mwamuzi anainua vidole viwili, mchezaji anakwenda benchi, wenzake wanahangaika wakiwa watano na kipa. Hoki ya barafuni imelichukua wazo hilo na kulijengea kitabu kizima cha sheria.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Uwanja ni barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, iliyozungushiwa ukuta mfupi na vioo juu yake. Kila timu ina watu sita, kipa akiwamo, waliovaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kushika magongo. Wanagombea kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita mbili na nusu, uzito wake usiozidi gramu 170, kinachogandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Ligi kubwa kuliko zote, NHL, iliundwa Montreal, Kanada, mwaka 1917, ikaanza na timu nne. Leo ina 32 katika Kanada na Marekani. Kumpiga kikumbo mwenye kisahani kunaruhusiwa, tena kwa nguvu zote. Kwa hiyo sheria haziulizi kama mtu ameguswa, zinauliza ameguswa vipi.

Ukimpiga mtu mtama kwa gongo, ukimkwamisha kwa ncha yake, ukimshika, au ukimzuia ambaye hana kisahani, unakwenda kizimbani dakika mbili. Kizimba ni chumba kidogo kilichozungushiwa kioo, ng'ambo ya mabenchi ya timu, chenye mlango unaofunguliwa na mhudumu. Unakaa humo mbele ya watazamaji wote, saa yako ikihesabika juu kwenye ubao wa matokeo, ukiwatazama wenzako wanne wakihangaika mbele ya watano. Takriban mara moja katika kila tano, timu iliyo kamili hufunga bao katika muda huo. Hapo mlango unafunguliwa na mkosaji anarudi uwanjani hata kama zimebaki sekunde 90. Deni limelipwa, na aliyelipwa hana haki ya kudai tena.

Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Mkosaji alimaliza dakika zake zote mbili, hata timu yake ifungwe mabao mangapi. Ndipo wakaja Montreal Canadiens wa miaka ya 1950, timu iliyokuwa na washambuliaji wakali mno. Tarehe 5 Novemba 1955, wakicheza na Boston waliokuwa pungufu, Jean Béliveau alifunga mabao matatu ndani ya sekunde 44. Kosa dogo likawa linaweza kumaliza mchezo mzima. Kuanzia msimu wa 1956–57 ligi ikaamua kwamba bao moja linafuta adhabu ndogo. Watu wa Montreal walinung'unika kwamba sheria imetungwa kwa ajili yao, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini ukiitazama bila ushabiki, ilikuwa sahihi. Adhabu inayozidi ukubwa wa kosa huwafanya waamuzi waogope kupiga filimbi. Kadi nyekundu ya dakika ya kumi inavyowatesa marefa wetu ni ushahidi tosha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote nilimwonyesha kwenye simu mzee mmoja wa Mfaranyaki aliyechezesha soka la mkoa kwa miaka mingi. Tulikuwa kijiweni, kahawa mkononi.

"Shikamoo mzee. Hebu tazama hapa."

"Marahaba, mwanangu." Akaisogeza simu mbali na macho. "Sasa huyu mwamuzi mbona kanyanyua mkono na hapigi filimbi?"

Nikamweleza kwamba kosa limeshaonekana, lakini kisahani bado kiko kwa waliokosewa. Filimbi italia pale wakosaji watakapokimiliki.

"Sawa, hiyo hata sisi tunayo, unaacha mchezo uendelee. Na huyu kipa wao anakimbilia wapi?"

"Anakwenda benchi, mzee. Anatoka ili aingie mshambuliaji wa sita."

"Goli waache tupu?"

"Tupu. Wale waliokosa hawawezi kufunga. Wakikimiliki tu kisahani, mchezo unasimama."

Alinyamaza akarudisha video nyuma, akautazama tena mkono wa mwamuzi ukiwa juu na yule kipa, na kinga zake kubwa za miguuni, akikazana kufika benchi. Halafu akacheka. "Sheria hii katunga mtu aliyewahi kuchezewa rafu."

Sikumwambia kwamba lile goli tupu lina hatari yake. Tarehe 28 Novemba 1979 timu ya Colorado Rockies ilimtoa kipa wake namna hiyo, mchezaji wake Rob Ramage akapiga pasi mbaya kurudi nyuma, na kisahani kikasafiri barafuni peke yake mpaka ndani ya goli lao. Kwa kuwa mtu wa mwisho wa New York Islanders kukigusa alikuwa kipa Billy Smith, bao liliandikwa kwa jina lake. Ndivyo kipa wa kwanza katika historia ya NHL alivyohesabiwa bao, bila kupiga.

Makosa mengine hata hayamhusu mpinzani. Tangu 2005, ukiwa eneo lako ukapiga kisahani moja kwa moja nje juu ya kioo, unakaa dakika mbili, hata kama gongo liliteleza tu. Hapo mwamuzi haulizwi kuhusu nia. Anaangalia kisahani kimeangukia wapi. Mabeki wetu waliozoea kuupiga mpira jukwaani dakika za mwisho wangekaa kizimbani mpaka wazoee harufu yake. Kipa naye hana kizimba: akikosea, mwenzake hukaa kwa niaba yake.

Kuna pia adhabu ya kuhesabu vibaya. Wachezaji hubadilishana huku mchezo ukiendelea, kila baada ya dakika moja hivi au chini ya hapo, kwa hiyo wakati wowote timu inaweza kujikuta na mtu mmoja wa ziada barafuni. Tarehe 10 Mei 1979, mchezo wa saba wa nusu fainali kule Montreal, Boston walikuwa wakiongoza kwa bao moja na zimebaki chini ya dakika tatu. Wakakamatwa wamezidi. Guy Lafleur akasawazisha katika dakika hizo za upungufu, Yvon Lambert akafunga katika muda wa nyongeza, na Montreal wakaendelea hadi ubingwa. Kocha wa Boston, Don Cherry, hakurudi kwenye kazi ile msimu uliofuata. Hakuna aliyeumizwa, hakuna aliyetukanwa. Mtu mmoja alitoka benchi mapema.

Juu ya dakika mbili kuna ngazi. Gongo likimpiga mtu usoni ni dakika mbili, lakini akivuja damu ni nne, na utawaona wachezaji wakijipapasa midomo kwa bidii wakitafuta ushahidi. Kosa kubwa ni dakika tano, na hizi hazifutwi na bao. Wapinzani wanaweza kufunga hata matatu. Utovu wa nidhamu, kama kumbwatukia mwamuzi, humweka mtu nje dakika kumi, ila timu haipungui, kwa kuwa mdomo ni wake peke yake. Aliyekusudia kuumiza anaondoka kabisa. Na timu haishuki chini ya wachezaji watatu na kipa: wa tatu akikosea wakati wawili wako ndani, dakika zake husubiri zamu.

Sasa doa. Ngumi zina bei. Katika NHL wachezaji wawili wakitupa glovu chini wakapigana, waamuzi huwaacha mpaka mmoja aanguke au wote wachoke, kisha kila mmoja anakwenda kizimbani dakika tano. Wamekwenda wote wawili, nafasi zao zinajazwa, idadi inabaki sawa. Hakuna timu inayolipa. Mfumo uliojengwa ili aliyekosewa alipwe unakuwa hapa ada ya kiingilio, na palipo na ada patatokea mtu wa kuilipa kila siku. Klabu zikaajiri watu kwa kazi hiyo. Dave Schultz wa Philadelphia, msimu wa 1974–75, alikusanya dakika 472 za adhabu, karibu mechi nane nzima za kukaa kizimbani. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Timu yake ikatwaa kombe msimu huohuo.

Watetezi wa desturi hii husema ngumi ni usalama: nyota wa timu hataguswa ovyo ikiwa anajulikana atakayejibu. Sikubaliani nao. Hoja hiyo inamaanisha kwamba kitabu cha sheria kimeshindwa kumlinda mchezaji, na badala ya kukirekebisha, wamekodi mlinzi. Gharama ilionekana baadaye. Derek Boogaard, mmoja wa wapiganaji walioogopwa sana katika ligi, alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na vichwa kupigwa mara kwa mara. Mwaka 2010 ligi ilikuwa imeshaweka sheria mahususi dhidi ya vikumbo vya kichwani. Ngumi zimepungua sana kuliko miaka ya 1980, ila dakika tano bado zimo kitabuni. Katika michuano ya shirikisho la dunia, IIHF, anayepigana anatolewa mchezoni, na ligi ya vijana ya Quebec iliufuata mkondo huo mwaka 2023. Michezo yao inaendelea vizuri tu.

Kuna mambo ambayo kizimba hakiyawezi, na hapo ligi huketi nje ya uwanja. Shabiki wa Songea aliyewahi kuikasirikia kamati ya nidhamu ya soka atawaelewa watu wa Montreal wa Machi 1955. Tarehe 13 mwezi huo, kule Boston, mchezaji wao kipenzi Maurice Richard alipigwa gongo kichwani akachanika. Akamvamia aliyempiga, na mwamuzi wa mstari alipomshika, Richard akampiga ngumi. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na za mtoano. Tarehe 17 Campbell akaenda mwenyewe uwanjani Montreal kutazama mchezo. Akarushiwa mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani, ushindi ukapewa Detroit, na mtaani maduka yakavunjwa. Richard alikosa ufungaji bora kwa pointi moja, akiupoteza kwa mwenzake wa timu hiyo, Bernie Geoffrion, ambaye mashabiki wake mwenyewe walimzomea kwa kufunga.

Nadhani Campbell alikuwa sahihi kuhusu adhabu na mpumbavu kuhusu kiti alichokwenda kukalia.

Tangu 2011 kazi hiyo inafanywa na idara maalumu ya usalama wa wachezaji, ambayo hutoa video yenye maelezo ya kila kifungo: kosa ni hili, mkosaji angeweza kufanya hivi, amewahi kufungiwa au hajawahi. Raffi Torres alipewa mechi 41 mwaka 2015 kwa kikumbo cha kichwani, baada ya rekodi ndefu ya makosa. Hukumu yenye maelezo watu wanaweza kuipinga kwa hoja. Barua ya mistari miwili kutoka kamati hupingwa kwa fununu.

Hata hivyo kitabu cha sheria hakimalizi ujanja wa binadamu. Aprili 2008, katika mtoano, Sean Avery wa New York Rangers alikipa kisahani mgongo, akasimama uso kwa uso na kipa wa New Jersey, Martin Brodeur, akawa anampungia mikono na gongo machoni ili asione kinachokuja. Waamuzi walipekua vichwa vyao wakakosa kifungu. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba kuanzia sasa kitendo hicho ni dakika mbili. Sheria zinazopatikana namna hiyo ndizo zinazodumu, kwa sababu kila mtu anakumbuka zilitoka wapi.

Afrika Mashariki imo katika habari hii kwa mlango mdogo. Ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, mdogo kuliko ule wa ligi. Hapo ndipo walipozaliwa Ice Lions wa Kenya, timu iliyofanya mazoezi muda mrefu bila mpinzani, wala kipa mwenye vifaa kamili. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka huko wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, huku nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakivaa jezi ya Kenya pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa IIHF. Fikiria kazi ya timu kama hiyo: kwa miaka ulicheza na rafiki zako, ukimwangusha mtu mnacheka na kuendelea, sasa kuna mwamuzi mwenye mistari myeupe na myeusi na saa inayokusubiri kizimbani. Sheria huja na mpinzani.

Sisi Watanzania tuna hoki yetu ya nyasi, mpira wa magongo, na tuliufikisha Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. India walitufunga 18 bila, na katika timu sita tulikuwa wa sita. Mchezo huo nao siku hizi hutoa watu nje kwa muda: kadi ya kijani dakika mbili katika mechi za kimataifa, ya njano tano au zaidi.

Soka yenyewe inasitasita. Mwanzoni mwa 2024 lilizuka pendekezo la kadi ya bluu kwa mechi za juu, likapigwa teke kabla halijasimama. Lakini tangu 2017 bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, inaruhusu kutoa mchezaji kwa muda katika soka la vijana, la wakongwe, la walemavu na la ngazi ya chini. Kwa lugha ya hapa kwetu, mashindano ya ndondo ya Lizaboni, Bombambili au Ruhuwiko yanaweza kujaribu kama chama cha soka nchini kitaridhia. Muda unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya mchezo, yaani kama dakika kumi kwa mechi ya dakika 90. Refa anaonyesha kadi ya njano, kisha ananyoosha mikono yote miwili kuelekea mahali pa kukaa mkosaji.

Kazi ngumu itakuwa saa. Barafuni inasimama yenyewe kila filimbi ikilia, na uwanja mzima unaisoma juu ukutani. Kwenye ndondo inakimbia, na kipa wa timu iliyopungukiwa atajiangusha akishika msuli, mpira utapotelea kwenye mahindi, na dakika kumi zitakwisha bila kuchezwa. IFAB wameliona hilo: refa anatakiwa aongeze kwenye kifungo cha mkosaji muda wote uliopotea. Kwa hiyo kabla ya kununua kadi au kuchora kizimba kwa chokaa, mtaa utafute mtu wa kukaa mezani na saa mkononi, ambaye timu zote mbili zitakubali hesabu yake.